Kushoto kwa Nani

Kewanja,
Jumapili, baada ya mvua

Mwanangu Bhoke,

Sikuulizi hali, maana nakusikia. Uko jikoni na mama yako mnacheka, na najua mnanicheka mimi niliyejifungia gereji siku ya Jumapili na daftari lako la zamani la shule. Mmeniita kunywa chai mara mbili. Nimejibu kwamba natafuta spana namba kumi na tatu. Spana iko mfukoni. Nakuandikia wewe.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha, kanisa na wanaume wa Mugumu mama yako ameshayamaliza, na mengine ameyarudia mpaka hata mimi nayajua kwa moyo. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni hili: kesho ukifika Morotonga, karibu na hiyo gereji ya Mugumu unakokwenda kufanya kazi, ukamkuta baba yako mdogo Mwita amesimama mlangoni anakungoja, mpe shikamoo yake, lakini usimwite Baba Gumba.

Utashangaa, najua. Ndilo jina ulilomjua nalo tangu unajifunza kusema. Hapa Kewanja ukimtaja Mwita watu wanakuuliza Mwita yupi, ukisema Mwita Gumba wanakuonyesha nyumba aliyokuwa akikaa. Wewe ulilisema kwa mapenzi, umekaa kwenye mapaja yake, na yeye aliitika. Kule kuitika ndiko kulikonitesa kuliko kitu kingine chochote. Jina hilo nililitengeneza mimi, Bhoke, na nililitengeneza kwa uongo. Unakwenda kuishi nyumbani kwa mtu huyo, kula chakula chake na kulala chini ya bati lake, na siwezi kukuacha uende hujui.

Inabidi nianzie mbali kidogo, kwa Fundi Salum.

Unajua nilijifunza ufundi kwake, Tarime mjini. Alikuwa mtu wa Tanga, mtaratibu, na kanzu yake ya Ijumaa haikuwahi kuwa na doa la oili ingawa siku nyingine zote maisha yake yalikuwa chini ya magari. Usilolijua ni kwamba gereji yake ilikuwa kichochoro kati ya kuta mbili. Gari liliingia kwa pua, na likishaingia, upande mmoja unagusana na ukuta. Kwa hiyo sote tulifanya kazi tukiwa tumesimama upande uleule mmoja. Nilisimama hapo miaka minne, na sakafu ilikuwa imefanya bonde mahali pa miguu yetu.

Taimingi, yaani kupanga wakati wa cheche kuwaka, alinifundisha hapo. Unatafuta alama kwenye puli, unahakikisha pistoni ya kwanza iko juu, unaangalia rota, ule mkono unaozunguka ndani ya distributa, imeelekea waya wa plagi ya kwanza. Unapima nafasi ya pointi, na kama fila geji imepotea, kipande cha pakiti ya sigara kinatosha. Unafunga ile taa ndogo ya kupimia, unazungusha distributa polepole, taa ikiwaka tu unakaza nati. Kisha unawasha na kusikiliza. Injini ikigonga, ujue cheche inawahi kabla pistoni haijawa tayari. Hapo unalegeza nati, unashika kile kikopo cha pembeni ya distributa, na unafanya alivyosema Fundi Salum kila siku ya Mungu: "Vuta kushoto, Marwa. Kidogo tu, kushoto."

Nilivuta kushoto miaka minne, na kila gari lilitulia. Sikuwahi kumwuliza kwa nini kushoto. Nilikuwa kijana wa Gorong'a mwenye viatu vya kuazima, na kwa akili yangu ya wakati ule mtu anayeuliza ni mtu asiyejua. Mimi nilitaka nionekane najua.

Halafu dhahabu ya hapa Kewanja ikatuita. Wakaja Wasukuma, Wahaya, Waha, watu wa Singida na watu wasiosema wanakotoka, na sisi wa Gorong'a tukayaacha mahindi yajipalilie yenyewe. Mwita alinifuata. Mimi sikuwa na kifua cha kushuka shimoni, nikawa fundi wa pampu. Yale mashimo, tuliyaita maduara, yalikuwa yakijaa maji kila mara, na duara likijaa maji hakuna anayeshuka. Pampu ikizima siku mbili, watu ishirini wanakaa juu ya kifusi wakipiga soga huku wake zao wanawaangalia vibaya. Kwa hiyo fundi alikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa na kofia ya ngozi. Nilikuwa na kiti changu kwa mama ntilie ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Nakueleza haya ili uone kiburi changu kilikuwa cha ukubwa gani, na siyo kwamba sasa kimeisha.

Duara letu lilitumia injini ya Landrova ya petroli. Gari lenyewe lilikuwa limekufa, tukaitoa injini na kuiweka juu ya magogo mdomoni mwa shimo, na pipa la maji badala ya rejeta. Mtu wa pampu alikuwa Mwita. Aliiwasha kwa hendeli kila asubuhi, akaipa maji, akaipa mafuta, akaipangusa vumbi kwa fulana yake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameoa juzijuzi, na alikuwa na mikono ambayo huko nyumbani walikuwa wakimwita aje kushika dume pembe. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Akikupandisha mabegani ulikuwa unamshika masikio.

Petroli yetu ilitoka Sirari kwa madumu, na kila aliyelishika dumu njiani aliliongezea mafuta ya taa. Ikifika Kewanja ilinuka kama koroboi. Petroli ya namna hiyo inaigongesha injini hata kama taimingi imesetiwa sawasawa na kitabu. Dawa yake ni kuichelewesha cheche kidogo. Hilo nililijua vizuri, na asubuhi ile nilikuwa sahihi katika kila kitu isipokuwa upande.

Jioni ya jana yake injini ilikuwa imegonga sana. Nikaja asubuhi na spana moja, watu wamekaa wananingoja, nami nikatembea polepole ili waningoje zaidi. Upande niliouzoea, ule wa gereji ya Fundi Salum, ulikuwa umening'inia juu ya shimo. Huwezi kusimama hewani. Nikazunguka upande wa pili, nikalegeza nati, nikashika kikopo, nikavuta kushoto. Sikusita hata kidogo. Kikopo kilikuwa kilekile, mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nimehama upande. Kushoto kwangu asubuhi ile kulikuwa kulia kwa Fundi Salum, na badala ya kuichelewesha cheche nikaiwahisha zaidi.

Mwita alikuwa ameshika hendeli anasubiri. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima, "Kaka, hufungi taa?"

Alimaanisha ile taa ya kupimia. Ingenichukua dakika tatu kuifunga, na ingenionyesha kosa langu hapohapo. Nikamjibu mbele ya watu wote, kama anavyojibiwa kijana mdogo, "Mura, wewe piga hendeli. Taimingi niachie mimi." Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, akainama.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Alishika hendeli jinsi nilivyomfundisha, gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirudi kinyume hendeli iponyoke mkononi bila kuondoka na kidole. Niliuona mkono wake. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na niliuona. Akavuta. Cheche ikawaka pistoni ikiwa bado njiani inapanda, ikairudisha chini kwa nguvu zote, na hendeli ikazunguka kinyume. Ilimponyoka kama ilivyotakiwa, ikamaliza mzunguko wake, ikampiga juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye.

Wakambeba kwenda kutafuta gari. Mimi nilisema nabaki kuangalia injini. Mdogo wangu anabebwa, na mimi nabaki kuangalia injini. Nikafungua kifuniko cha distributa, nikaizungusha polepole kwa mkono, nikatazama rota inaelekea wapi. Niliielewa mara moja. Nikakirudisha kikopo kulia kwangu, nikapitiliza pale kilipokuwa jana yake, nikakaza, nikashika hendeli mwenyewe. Injini iliwaka kwa mzunguko mmoja, ikatulia, na maji yakaanza kutoka shimoni kama hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Mwenye duara alikuwa amesimama pale, wachimbaji wamesimama pale, wote wanaisikia injini inavyoimba. Mmoja akasema kumbe injini haina neno, basi itakuwa kijana alishika vibaya. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anatafuta tu sababu, kama watu wanavyotafuta. Wote wakanigeukia mimi fundi. Nikasema, "Nilimwambia asizungushe gumba."

Maneno matatu. Mtu anayejua hendeli angeuliza: kama alizungusha gumba, mbona gumba ni zima na kilichovunjika ni kifundo? Hakuna aliyeuliza. Injini ilikuwa inatoa ushahidi kwa niaba yangu, na nani atabishana na injini inayonguruma vizuri namna ile?

Nimejiuliza mara nyingi niliogopa nini. Mwenye duara asingenifukuza, alinihitaji. Mwita mwenyewe angenisamehe kabla sijamaliza kusema, unamjua alivyo. Ilikuwa aibu tu, aibu ya mtu mwenye kofia ya ngozi mbele ya watu aliowafanya wamngoje. Ningependa kukupa sababu kubwa kuliko hiyo lakini sina.

Jua lilipozama tayari alikuwa anaitwa Gumba. Mfupa uliungana vibaya, na vidole vitatu vya mkono ule havikukunjika tena. Kazi ya pampu akapewa mwingine. Alijaribu kubeba mawe, mkono ukakataa. Na kwa kuwa yeye na mkewe hawakuwa wamejaliwa mtoto, wenye midomo yao wakaongeza herufi moja mbele ya lile jina, likawa neno la kumtukana mtu asiyezaa. Mkewe alilisikia kisimani. Alirudi na ndoo tupu, akaketi nyumbani kwetu, mama yako akamshika mkono, na mimi nilikuwa hapo mlangoni nikiwasikiliza, neno langu mwenyewe limerudi limevaa nguo nyingine. Hata siku hiyo sikusema.

Baada ya miaka miwili wakahamia Morotonga kulima. Alikuja kuniaga asubuhi, ametulia, amekuletea wewe muwa. Alinipa mkono wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa unashika. Tangu hapo tumeonana kwenye misiba ya Gorong'a tu, na misibani watu wana mengi ya kuzungumza. Kila mavuno nilimpelekea kitu kwa mkono wa watu. Kwake sijakanyaga hata siku moja. Kama anajua, sijui. Asubuhi ile alikuwa anatazama hendeli, hakuwa ananitazama mimi.

Sasa nije kwako, maana na wewe nilikukosea, na la kwako unalikumbuka.

Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa umepanda juu ya tairi humu gereji, upande wa pili wa gari la mwalimu mkuu, unanitazama ninavyoseti taimingi. Nikasema kama nilivyosema maisha yangu yote, kwamba hapa sasa unavuta kushoto. Nilikuwa nimerudi kwenye upande wangu wa zamani, na hapo maneno ya Fundi Salum yalikuwa bado yanafanya kazi. Wewe ukatazama mikono yangu, ukatazama mikono yako, ukafikiri. Kisha ukauliza, "Baba, kushoto kwa nani?"

Nilibamiza spana sakafuni nikakufukuza. Nilisema gereji si mahali pa mtoto wa kike, neno ambalo sikuwa nimelisema kabla ya hapo na wala silo ninaloamini. Ulishuka kwenye tairi bila kulia. Mwaka mzima hukukanyaga humu, na ulipoanza kurudi ulikuwa unasimama nje ya mstari wa kivuli cha bati, unauliza kwanza kama unaruhusiwa.

Ulidhani umeuliza ujinga. Bhoke, lile ndilo swali ambalo mimi sikuliuliza kwa miaka minne, na ambalo lingeuacha mkono wa Mwita mzima. Ulilileta kwa sauti ya kitoto, mbele ya gari la watu, na mimi nilisikia mfupa unavunjika upya. Sikukukasirikia wewe. Nilikuonea, mwanangu, na nimechelewa sana kukuambia.

Wiki ileile nilikwenda Tarime kwa Fundi Salum. Alikuwa amezeeka, anakaa kitini na kuwaelekeza wengine kwa fimbo. Nikamweleza yote, na nilikuwa sijawahi kumweleza mtu. Nikamwuliza, karibu kwa hasira, kwa nini hakuniambia kwamba kushoto kwake ni kwa pale ukutani tu.

Akaiweka fimbo chini. Akasema, "Mimi nilikufundisha kwa pale nilipokuwa nimesimama, Marwa. Ningejuaje kuwa iko siku injini itakaa juu ya magogo, na wewe utasimama ng'ambo? Ungeuliza ningekwambia."

Akaamka akanionyesha kwa dakika tano kile alichokuwa anakijua siku zote bila kukitamka, na ndicho nilichokufundisha ulipokubali kurudi. Usitafute kushoto wala kulia, tazama rota inazunguka kuelekea wapi. Ukiigeuza distributa kuifuata rota, cheche inachelewa. Ukiigeuza kuikabili rota, cheche inawahi. Iko hivyo hata ukisimama juu ya boneti, hata ukiifanya ukiwa umelala chali. Kisha akaniuliza kama ndugu yangu nimeshamwambia. Nikasema bado. Alichukua birika akaenda kutawadha, na siku hiyo hakunitazama tena.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Unaona jinsi baba yako asivyo na haraka.

Juzi Bwana Rajabu, atakayekusafirisha kesho, alipoleta Landrova yake kabla ya safari, nilikuachia wewe makusudi nikajifanya nafunga tairi. Ulisimama upande ambao mimi sipendi kusimama hata leo. Ukafungua kifuniko, ukaizungusha injini kwa mkono, ukainama kutazama rota, ndipo ukashika kikopo. Hukutaja kushoto. Ukafunga na taa ya kupimia, ingawa hukuihitaji. Halafu ukamwambia yule mzee, bila kumwaibisha, kwamba petroli yake ina mafuta ya taa na umeichelewesha cheche kidogo, akipata petroli safi akurudishie gari uiseti upya. Nilikuwa nimeshika kamba ya tairi nikajikuta nalia. Nilikwambia ni vumbi. Halikuwa vumbi.

Huko kwenye gereji ya Mugumu utakuta magari ya watalii yasiyo na distributa kabisa, yana kompyuta inayojua mambo yote peke yake. Usiyaogope. Na ya kizamani yakija usiyadharau, maana ndiyo yatakayoletwa na watu wa huku kwetu. Utakosea pia, sitaki kukudanganya. Utakaza nati vibaya, utasoma alama isiyo yake. Ukikosea, sema wakati injini bado inagonga. Usingoje itulie. Mimi nilisubiri mpaka ikatulia, na baada ya hapo kila mtu alikuwa tayari kuniamini mimi kuliko mkono uliovunjika, na ilikuwa raha kuaminiwa. Hilo ndilo ninaloliogopa kwako, kwa sababu unajua kazi kuliko mimi na watakuamini mapema.

Jana nilimweleza mama yako. Alikuwa anakunja kitenge chako kile cha bluu, akakikunja mpaka mwisho, akakiweka begani kwangu kana kwamba mimi ni kamba ya kuanikia. Akaketi. Nadhani alikuwa anamkumbuka yule mwanamke na ndoo tupu. Kisha akasema, "Kwa hiyo mtoto aende akaishi kwenye nyumba ile na siri yako, na wewe ubaki hapa?"

Nilikishusha kitenge begani nikatoka nje. Leo nimekuja huku kuandika.

Kuna na hili sikukuambia. Nilipompelekea Mwita salamu kwa Rajabu, kuuliza kama anaweza kukupokea, jibu lake lilirudi siku ya pili. Alisema, "Aje, ni mwanangu, chumba chake kipo. Ila kaka amlete mwenyewe." Wewe nilikupa nusu ya kwanza tu. Kuhusu nusu ya pili nilimwambia Rajabu nina kazi nyingi.

Barua hii nilianza kuiandika ili niitie ndani ya begi lako, chini ya nguo, uikute ukiwa umeshafika. Niliona vizuri itakavyokuwa. Utaisoma, utalia, utaenda kwa Mwita, utamwambia, na mimi nitakuwa hapa Kewanja nimeshika spana yangu, hatua nyingi kutoka kwenu. Nimefika ukurasa huu nikasoma nilichoandika, nikaona ninafanya nini. Nimekaza nati kwa mara nyingine, na sasa namwambia mtu mwingine apige hendeli.

Kwa hiyo kesho nakuja. Nimeshatoka mara moja kumwambia Rajabu aniwekee nafasi mbele, na ndiyo maana ulisikia mlango, hakuwa mbwa. Nitakupa barua hii tukishavuka Mto Mara. Wewe utakuwa nyuma na mizigo, mimi nitakuwa mbele, nitatazama barabara, nawe usome bila kuona uso wangu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mpaka Mugumu, njia ni ndefu ya kutosha.

Tukifika, mpe shikamoo, na mwite baba, basi. Neno hilo, bila Gumba, amelingoja miaka mingi.

Mimi najijua. Nitaanza na mvua. Nitauliza mtama unaendeleaje, nitauliza ng'ombe, nitasifu bati jipya. Nitaomba maji ya kunywa, na nikishayanywa nitasema jua linakwenda na Rajabu ana haraka. Ukinisikia nimefika kwenye jua, usinihurumie. Sikuombi useme chochote kwa niaba yangu. Nakuomba uulize tu, mbele yake, kwa sauti ileile ya juu ya tairi: Baba, kushoto kwa nani?

Safari hii sitakufukuza. Nitajibu.

Baba yako anayekupenda,
Marwa